Toni gani, na saa ngapi? Hesabu za Ingrid Daubechies

"Kwa Kiswahili, bonyeza moja." Unabonyeza, simu inalia kidogo, na mashine iliyo upande wa pili inajua umegusa moja, hukugusa mbili. Imejuaje? Kila tarakimu kwenye simu imepewa toni mbili zinazolia pamoja. Moja ni toni ya hezi 697 na ya hezi 1209, yaani hewa inatetemeka mara 697 kwa sekunde na papo hapo inatetemeka mara 1209. Mbili ni 697 na 1336. Tano ni 770 na 1336. Mashine haijui kusoma namba. Inachofanya ni kutambua mitetemo ipi miwili imefika.

Sasa chukua rekodi ya mtu anayepiga 112, namba ya dharura. Usiikate. Ichukue nzima nzima, uipitishe kwenye kanuni ya Joseph Fourier, ambayo kila anayechambua mawimbi huanza nayo. Itakujibu: humu hezi 697 ndizo nyingi, 1209 zinafuata, 1336 ni chache kuliko zote. Basi. Mwingine akipiga 121, na wa tatu akipiga 211, orodha ya toni na nguvu zake itatoka karibu ileile. Ni kama risiti ya dukani: inaonyesha sukari kilo mbili na sabuni mche mmoja, lakini haionyeshi kipi kilitangulia kuingia kikapuni. Kwa anayehitaji polisi usiku, mpangilio ndio kila kitu.

Fourier hajaupoteza mpangilio huo. Kila toni kwenye orodha yake ina namba ya pili, inayosema wimbi limeanzia juu, chini au katikati ya mtetemo wake, na ukizikusanya namba zote unairudisha rekodi kama ilivyokuwa. Habari za wakati zimo. Tatizo ni kwamba zimesagwa na kutawanywa katika orodha nzima, hata huwezi kuweka kidole mahali ukasema: hapa ndipo alipobonyeza mbili.

Kujua toni gani imelia, na imelia saa ngapi, ndiyo kazi ya uchambuzi wa wakati na masafa. Masafa hapa ni yaleyale ya redio, idadi ya mitetemo kwa sekunde. Wanahisabati wengi wamepita katika uwanja huu. Nimechagua kumfuata mmoja, Ingrid Daubechies wa Ubelgiji (jina lake hutamkwa karibu na "Dobshi"), kwa sababu katika kazi zake kuna jambo linalojirudia: hesabu ilimnyima alichokitaka, naye kila mara akajua aachie kitu gani.

Wimbi lisilo na mwanzo

Fourier alikwenda Misri na jeshi la Napoleon mwaka 1798, akarudi Ufaransa na kuwa mkuu wa mkoa huko Grenoble. Kati ya kukausha vinamasi na kujibu barua za serikali alikuwa akichunguza jinsi joto linavyosambaa kwenye chuma. Mwaka 1807 aliwasilisha Paris dai lililowaudhi wakubwa wa hesabu, Lagrange akiwa mstari wa mbele: kwamba mchoro wowote, hata wenye kona na miruko, unaweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi laini ya saini na kosaini (sine na cosine za Kiingereza, mawimbi yanayopanda na kushuka sawasawa). Kitabu chake kilitoka mwaka 1822. Dai lenyewe, kama alivyolisema, lilikuwa pana mno, na wanahisabati waliendelea kulipalilia kwa vizazi. Ni mwaka 1966 ndipo Lennart Carleson wa Sweden alipothibitisha kwamba kwa michoro ya kawaida, ikiwamo yote isiyokatika, jumla ya mawimbi inaufikia mchoro karibu kila mahali, ukiacha nukta ambazo urefu wake kwa pamoja ni sifuri. Kutoka 1807 hadi 1966 ni miaka 159. Uthibitisho wa Carleson ni mgumu, hata leo watu huusoma kwa jasho.

Lakini hata uthibitisho huo hautusaidii kwenye simu yetu. Wimbi safi la saini halina mwanzo wala mwisho: lilianza kutetemeka tangu milele na litaendelea milele. Ukiliuliza lilipita saa ngapi, halina jibu la kukupa, kwa kuwa halikupita, lipo tu. Ndiyo maana Fourier, anayejenga kila kitu kwa mawimbi ya aina hiyo, hana pa kuandika saa.

Dawa ya kwanza inayokuja akilini ni kukata. Gawa rekodi vipande vifupi, kila kipande kikipitishwa kwa Fourier peke yake. Dennis Gabor, mhandisi mzaliwa wa Budapest aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya umeme mjini Rugby, Uingereza, aliliweka wazo hili kwenye msingi wa hesabu mwaka 1946. (Baadaye alipewa Tuzo ya Nobel, mwaka 1971, kwa kitu kingine kabisa: picha za holografia.) Gabor hakutumia kisu. Alifunika sauti kwa dirisha lenye umbo la kengele, linaloanza taratibu, linapanda, kisha linashuka taratibu. Ukiliteleza dirisha hilo juu ya rekodi, kila linapotua linasikia sauti za hapo tu. Matokeo yake yanafanana na karatasi ya noti za muziki: kushoto kwenda kulia ni muda, chini kwenda juu ni toni.

Hapo ndipo ukuta unapoonekana. Mgeni akikuuliza mawimbi ya bahari yanapiga ufukweni mara ngapi kwa dakika, huwezi kumjibu baada ya kuona wimbi moja likivunjika. Lazima usimame uhesabu. Ukisimama kidogo, jibu lako ni la kukisia. Ukisimama sana, unapata wastani mzuri, lakini huwezi tena kusema hali ilikuwaje katika dakika fulani, maana umezichanganya zote. Dirisha fupi linajua saa, halijui toni. Dirisha refu linajua toni, halijui saa.

Kwa hesabu: mtawanyiko wa wakati ukizidishwa na mtawanyiko wa masafa hauwezi kuwa chini ya moja kugawanywa kwa 4π, karibu 0.08. Dirisha lenye mtawanyiko wa sekunde 0.01 haliwezi kuwa na uhakika wa toni kwa chini ya hezi 8. Wapiga gitaa la besi wanaujua ukuta huu kwa vidole hata kama hawajausoma. Waya mnene kabisa wa besi hulia hezi 41.2, na noti inayofuata ni hezi 43.7, tofauti ni hezi mbili na nusu. Ukizipiga hizo mbili harakaharaka, kila moja ikidumu sekunde 0.05, kila noti inapata mitetemo miwili tu kabla ya kufa. Sikio halina cha kuhesabu. Mbio za vidole zinazong'ara kwenye gitaa la solo zinageuka uji kwenye besi, na si kosa la mpigaji wala la spika.

Kwamba kikomo hiki ni sawa na kile cha Werner Heisenberg cha mwaka 1927, kinachozuia kujua kwa pamoja mahali pa chembe na mwendo wake, si bahati. Ni hesabu ileile, imevaa nguo nyingine. Na kengele ya Gabor ndilo umbo pekee linalogusa kikomo chenyewe. Madirisha mengine yote yanakaa juu yake.

Vigae visivyopangika

Hadi hapo hakuna aliyekata tamaa. Kama hatuwezi kuwa na nukta, tuwe na vigae. Gabor alipendekeza kuugawa uwanja wote wa wakati na masafa kama sakafu, kila kigae kikiwa na eneo la moja kamili (sekunde zikizidishwa na hezi), na kila kigae kibebe namba moja tu: kiasi cha sauti iliyomo humo. Rekodi ya sekunde kumi yenye upana wa hezi elfu moja ingekuwa na vigae elfu kumi na namba elfu kumi, hakuna iliyozidi, hakuna iliyopungua. John von Neumann alikuwa ameugusa mpangilio kama huo mwaka 1932 alipokuwa akiandika misingi ya fizikia ya kwanta.

Unavutia, na haufanyi kazi. Kengele zikipangwa kwa nafasi hiyo zinatosha kujenga kila sauti, lakini kwa shida: badiliko dogo mno la sauti linaweza kuzirusha namba za vigae kwa ukubwa usiotabirika. Mhasibu ambaye shilingi moja ikikosewa daftari lake lote linapinduka hatumtaki. Basi tubadilishe dirisha, tutafute bora kuliko kengele? Roger Balian mwaka 1981 na Francis Low mwaka 1985, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba hakuna. Dirisha lolote litakalopangika vizuri kwenye sakafu hiyo, bila kubanana na bila mwanya, lazima liwe limemwagika bila mpaka: ama upande wa wakati, ama upande wa masafa. Chukua dirisha la mraba, linalowaka ghafla na kuzimika ghafla. Linapangika barabara. Lakini kingo zake kali zinatapakaza masafa juu na chini hadi mbali, na kigae chako kinavuja kwa majirani wote.

Kwa hiyo orodha ya matakwa ilikuwa hivi: dirisha zuri pande zote mbili, vigae vyote vya aina moja, namba zisizozidi. Jibu la hesabu: chagua mawili.

Msichana wa mji wa makaa ya mawe

Daubechies alizaliwa mwaka 1954 Houthalen, eneo la migodi ya makaa ya mawe nchini Ubelgiji. Baba yake alikuwa mhandisi mgodini. Amesimulia kwamba utotoni usingizi ukimkataa alikuwa akirudufisha namba kichwani, mbili, nne, nane, kumi na sita, aone zinavyokua haraka. Na kwamba alipenda kuwashonea wanasesere nguo, akishangaa jinsi vipande bapa vya kitambaa vinavyogeuka umbo lililoviringika. Shahada yake ya udaktari, aliyoipata Brussels mwaka 1980, ilikuwa ya fizikia, si ya hisabati. Nadhani hilo lilimfaa. Mwanafizikia akikutana na ukuta hulalamika kidogo, kisha huanza kuuliza mlango uko wapi.

Mlango wa kwanza ulikuwa kuachia sharti la namba zisizozidi. Mwaka 1986, akiwa na Alex Grossmann na Yves Meyer, Daubechies alichapisha makala ambayo kichwa chake kilijitangaza kuwa kinaeleza njia isiyo na maumivu. Wazo la fremu, kama linavyoitwa, lilikuwa limeanzishwa na Duffin na Schaeffer mwaka 1952 na likawa limelala. Aliyewahi kuezeka kwa makuti hahitaji maelezo marefu. Makuti hayapangwi ubavu kwa ubavu kama vigae. Yanalazwa kila safu ikifunika sehemu ya safu iliyo chini. Ukihesabu, umetumia makuti mengi kuliko eneo la paa. Lakini ziada hiyo ndiyo inayozuia mvua, na kuti moja likioza, nyumba haivuji mara moja.

Ndivyo fremu ilivyo. Sogeza madirisha yakaribiane, yalaliane, ukubali kubeba namba nyingi kuliko za lazima. Mara ile tetemeko la daftari linaisha: badiliko dogo la sauti linaleta badiliko dogo la namba, na njia ya kuirudisha sauti ni fupi, hakuna haja ya kutatua mlundikano wa milinganyo. Kuhusu kengele ya Gabor, Daubechies na Grossmann walikisia mwaka 1988 kwamba ikikaribishwa kidogo tu, hata kwa unywele, inakuwa fremu nzuri. Mwaka 1992 Yurii Lyubarskii upande mmoja, na Kristian Seip na Robert Wallstén upande mwingine, walithibitisha kisio hilo. Kwenye ukingo wenyewe, balaa. Hatua moja ndani ya ukingo, salama. Mimi huona hilo kuwa mojawapo ya matokeo mazuri kuliko yote katika uwanja huu, labda kwa sababu ni machache yanayokupa jibu lisilo na "ila".

Viwimbi

Mlango wa pili ulifunguliwa na watu wa mafuta. Jean Morlet alikuwa mhandisi wa kampuni ya Elf Aquitaine, kazi yake kusoma mitikisiko inayorudi kutoka chini ya ardhi baada ya mlipuko mdogo juu. Mitikisiko ya masafa ya juu hupita upesi, ya masafa ya chini hujivuta. Dirisha la urefu mmoja lilimkwaza kote: fupi mno kwa hizi, refu mno kwa zile. Akaacha kubadilisha toni ndani ya dirisha. Badala yake akachukua mtetemo mmoja mfupi na kuunyoosha au kuubana wote, dirisha na mtetemo pamoja. Ukibanwa, unasikia sauti za juu na unajua saa kwa usahihi. Ukinyooshwa, unasikia sauti za chini na saa inakuwa ya kukadiria. Vigae havifanani tena: huku vyembamba na virefu, kule vipana na vifupi, eneo likibaki lilelile. Wafaransa waliuita mtetemo huo kwa jina ambalo Kiswahili kinalitoa bila kuhangaika: kiwimbi. Makala ya Grossmann na Morlet ilitoka mwaka 1984.

Habari zilimfikia Yves Meyer akiwa amesimama akisubiri zamu kwenye mashine ya kutoa nakala, anavyosimulia mwenyewe. Meyer, aliyekulia Tunis, alidhani viwimbi navyo vingegonga ukuta kama wa Balian na Low: kwamba hakuna kiwimbi laini kitakachopangika bila ziada. Akakaa kuthibitisha kwamba haiwezekani. Akashindwa, na katika kushindwa akakiona kinachowezekana. Sharti la vigae vya aina moja likiachiwa, ukuta haupo.

Kiwimbi cha Meyer hata hivyo kilikuwa na mkia usioisha. Unapungua haraka, lakini kwenye kompyuta lazima uukate, na kila ukikata umekosea kidogo. Kiwimbi kifupi kabisa kilikuwepo tangu 1909, cha Alfréd Haar wa Hungaria, ila ni ngazi ya mraba: kinapanda ghafla, kinashuka ghafla. Kuna kinachokuwa kifupi kweli, kinachoisha kweli, na bado kisiwe ngazi?

Daubechies alilijibu swali hili mwaka 1987, na makala yakachapishwa mwaka 1988. Ujanja wake ulikuwa kuanzia mwisho. Hakutafuta mchoro kisha aulize kompyuta itaukokotoaje. Alitafuta orodha fupi ya namba ambayo kompyuta ingeitumia, akaiwekea masharti, kisha akauliza mchoro upi unajificha nyuma yake. Orodha maarufu ina namba nne tu. Kwa upande unaotafuta mabadiliko ni hizi: −0.1294, −0.2241, 0.8365, −0.4830.

Zijaribu. Chukua joto la asubuhi, kipimo kila saa: 20, 21, 22, 23. Zidisha ya kwanza kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili, jumlisha zote. Unapata sifuri (au 0.0001 hivi, kwa kuwa nimekata desimali). Anza na 35 ukishuka moja moja, bado sifuri. Popote vipimo vinapokwenda kwa mstari ulionyooka, namba hizi nne hazisemi kitu. Sasa fanya cha mwisho kiwe 30 badala ya 23: jibu linaruka hadi −3.38. Umepata kengele ya hatari inayonyamaza pakiwa pa kawaida na kulia panapokuwa na jambo, na inajua jambo liko wapi kwa sababu inagusa vipimo vinne tu kwa wakati mmoja. Ukirudia kazi hiyo kwenye wastani wa vipimo, kisha kwenye wastani wa wastani, unasikiliza masafa ya chini na ya chini zaidi. Picha, sauti au mapigo ya moyo yanageuka orodha ndefu ya sifuri na namba chache zenye maana. Sifuri hazina gharama kuzihifadhi.

Mchoro wenyewe wa kiwimbi hiki ni wa ajabu. Hauna fomula ya kuandika kwa mstari mmoja. Unauchora kwa kurudia zile namba nne juu ya matokeo yao wenyewe, na kinachotokea ni mgongo wenye meno, kila jino likiwa na meno madogo. Kwa mtu aliyesomea fizikia ya michoro laini kinaonekana kama kosa la uchapaji. Ukitaka ulaini zaidi, ongeza namba, sita, nane, kumi, na kiwimbi kinarefuka. Hapo tena unalipa.

Vidole vya wafungwa, filamu na nyota

Kuna sharti jingine ambalo watu wa picha walilihitaji: kiwimbi kilicho sawa kushoto na kulia, ili kingo za picha zisisogee upande mmoja. Daubechies alionyesha kwamba ukitaka ufupi, usawa wa pande zote na vigae visivyoingiliana, kinachobaki ni kile cha Haar peke yake, ngazi ileile tuliyoikimbia. Safari hii alichoachia ni kutoingiliana. Mwaka 1992, pamoja na Albert Cohen na Jean-Christophe Feauveau, alitoa jozi za viwimbi: kimoja cha kuchambua, kingine cha kurudisha.

Mojawapo ya jozi hizo ilikwenda polisi. Shirika la FBI la Marekani lilikuwa na mamilioni ya kadi za alama za vidole, na kadi moja ikiingizwa kwenye kompyuta kwa ubora uliotakiwa inachukua karibu megabaiti 10. JPEG ya zamani, njia ya kawaida ya kubana picha, ilikata picha katika miraba ya nukta nane kwa nane, na ikibanwa sana, kingo za miraba hiyo zilikatiza mistari ya kidole, jambo lisilofaa mahakamani. Kiwango cha FBI cha mwaka 1993 kilitumia viwimbi na kubana mara 15 hivi bila kuikata mistari. Jozi hiyohiyo imo ndani ya JPEG 2000, ambayo ndiyo inayobeba filamu za kumbi za sinema za kidijitali. Aliyetazama filamu katika ukumbi wa Nairobi au Dar es Salaam miaka ya karibuni, picha aliyoiona ilipakiwa kwa njia hii.

Sifa zilifuata, nazipitia haraka: profesa kamili wa kwanza mwanamke katika idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, rais wa kwanza mwanamke wa Umoja wa Kimataifa wa Hisabati kuanzia 2011 hadi 2014, na mwaka 2023 mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Wolf ya hisabati.

Kazi yake ninayoiona kuwa ya werevu zaidi haijulikani sana nje ya wanaohusika. Mwaka 1991, na Stéphane Jaffard na Jean-Lin Journé, Daubechies alirudi kwenye sakafu ya Gabor, ile iliyoshindikana. Walifuata wazo la mwanafizikia Kenneth Wilson. Chukua fremu yenye namba mara mbili ya zinazohitajika. Kisha zioanishe mbili mbili, toni moja kwa kosaini, inayofuata kwa saini, kwa kupokezana. Ziada inaisha kabisa, vigae haviingiliani, na dirisha linabaki zuri pande zote mbili. Balian na Low hawakukosea. Nadharia yao inahusu vigae vyenye toni moja kamili, na hivi vipya vina mtetemo unaochanganya wimbi linalokwenda na linalorudi. Walizunguka nyuma ya ukuta badala ya kuuvunja.

Tarehe 14 Septemba 2015 vituo viwili vya LIGO nchini Marekani, vilivyojengwa kunasa mawimbi ya mvutano (mitetemo ya anga lenyewe), vilitikiswa na mawimbi hayo kutoka kwenye mashimo meusi mawili yaliyogongana umbali wa miaka ya mwanga bilioni 1.3 hivi. Mtikisiko ulipanda kutoka hezi 35 hadi 250 katika sehemu ndogo ya sekunde. Programu iliyouona kwanza, ndani ya dakika tatu, haikuwa ikitafuta umbo lililojulikana. Ilikuwa ikitazama sakafu ya vigae vya aina ya Wilson, vyenye majina ya Daubechies na Meyer, ikisubiri vigae vya jirani viwake kwa pamoja katika vituo vyote viwili.

Wahandisi wa sauti walikuwa wamefika karibu na hapo kwa njia yao, miaka ile ile ya themanini. Madirisha yanayolaliana nusu kwa nusu bila kuongeza namba ndiyo yaliyomo ndani ya MP3, na ndani yake mvutano wetu wa saa na toni unaamuliwa upya kila sehemu ndogo ya sekunde. Sauti ya mwimbaji ikivutwa, programu inatumia dirisha refu, inapata toni kwa usahihi. Ngoma ikipigwa ghafla, inapaswa kuhamia dirisha lenye theluthi ya urefu, ipate saa. Programu isiyo makini huchelewa kuhama. Tafuta wimbo wa zamani uliobanwa kupita kiasi, wenye kayamba au pigo kali baada ya kimya, uvae spika za masikio. Kabla tu ya pigo kuna mchakacho mwepesi, kama mchanga. Hiyo ni ngoma yenyewe, imemwagikia nyuma ndani ya dirisha refu, ikasikika kabla mpigaji hajashusha mkono.